Sigara: je, sauti ya kwenye simu inaweza kukuachisha?

Siku hizi kwenye simu zipo rekodi za kumwachisha mtu sigara kwa njia iitwayo hipnosisi. Unajilaza, unasikiliza sauti tulivu, unajiambia kwamba huitaki tena. Wengine huhofia kuwa ni uganga. Sivyo. Ni kuutuliza mwili na kuielekeza akili kwenye jambo moja. Unasikia kila kitu na unaweza kuinuka utakapo.

Je, inafaa? Mwaka 2019 watafiti wa Cochrane walipitia tafiti 14, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba inazishinda njia nyingine. Ukitaka kujaribu, jaribu, lakini usiinunue kwa pesa nyingi.

Sisi Pemba tuna somo letu wenyewe: Ramadhani. Mvutaji hukaa takriban saa 13 bila sigara. Ndani ya saa 12 tu, hewa ya sumu itokanayo na moshi hupungua kwenye damu hadi kiwango cha kawaida. Kinachowaangusha wengi ni ile sigara ya baada ya futari.

Hamu kali hupita kwa dakika chache. Hapo ndipo utulivu unapohitajika: kunywa maji, tembea, vuta pumzi polepole, au sikiliza hiyo rekodi. Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Hasira na kukosa usingizi hupungua baada ya wiki chache.

Ukishindwa peke yako, kaulize kituo cha afya kuhusu plasta au chingamu za nikotini. Hizo zimethibitishwa kusaidia. Na ukiteleza siku moja, usikate tamaa. Anza tena.