Nyumba ya Kanjo Haiingii kwenye Wosia

Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, kuna nyumba ambazo ukoo mmoja umekaa vizazi vitatu. Babu alikabidhiwa ufunguo, baba akakulia humo, na leo mjukuu analipa kodi kwa jina la marehemu. Mzee akifariki, mara nyingi ugomvi wa kwanza ni huo: nani abaki kwenye nyumba, nani ahame. Watu huinuliana sauti matanga hayajaisha, ilhali wanachokigombania si mali ya marehemu hata kidogo. Ni nyumba ya kanjo. Mwenyewe ni Serikali ya Kaunti ya Nairobi, iliyochukua nafasi ya Baraza la Jiji, na mpangaji hawezi kumrithisha mtu kisicho chake. Anayeandika kwamba nyumba ya Jericho anamwachia kifungua mimba hajamwachia kitu. Jina la mpangaji hushughulikiwa kaunti.

Nimelianza hilo kwa sababu macho yote yakiwa kwenye vyumba vya kanjo, mali halisi husahaulika: ploti ya Kayole au Ruai, shamba la nyumbani, akiba ya Sacco, kiinua mgongo. Ploti na shamba ndivyo hasa vya kuandikiwa wosia.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imetumika Kenya tangu Julai 1, 1981. Inamruhusu kila mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia, na mwanamke aliyeolewa hahitaji ruhusa ya mumewe. Wakili anasaidia lakini si lazima. Kinachotakiwa ni sahihi yako na mashahidi wawili walioiona ukiitia, au uliowathibitishia kwamba ni yako, nao watie zao mbele yako. Usimfanye mrithi kuwa shahidi, kwa maana anaweza kupoteza alichoachiwa. Wosia wa mdomo nao unakubalika, ila uwe umesemwa mbele ya watu wawili au zaidi, na msemaji afariki ndani ya miezi 3. Kwa hiyo lile neno linalotawala vikao vyetu, “mzee alisema,” likiwa lilisemwa Krismasi ya miaka mitano iliyopita, halina nguvu kortini. Hata wakili maarufu S.M. Otieno aliaga dunia Desemba 1986 bila wosia wa maandishi. Mjane wake Wambui alisema mumewe alitaka kuzikwa Ngong, ukoo ukakataa, na maiti ikasubiri hadi Mei 1987 ndipo ikazikwa Nyalgunga, Siaya.

Pasipo wosia, sheria hugawa yenyewe, na si kama wengi wanavyodhani. Chukua mzee mwenye wake wawili, mkubwa ana watoto 5 na mdogo ana 2. Mtaani utasikia kila nyumba ichukue nusu. Sheria inahesabu vichwa: kila mtoto fungu, na kila mjane fungu. Mali inakatwa mara 9, nyumba kubwa 6, nyumba ndogo 3. Kama mzee alitaka vingine, kwa mfano yule mdogo ndiye aliyenunua naye ploti kwa jasho lake, angepaswa kuandika.

Binti aliyeolewa bado huambiwa hana chake kwa baba. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja ya kumpunguzia binti fungu eti kwa sababu ataolewa. Mtoto wa nje ya ndoa ambaye baba alimkubali kuwa wake ni mtoto kama wengine, na familia inayomwacha nje ya barua ya chifu inaidanganya korti. Mwislamu ana njia yake kwa kadhi, ambako wosia hauvuki theluthi ya mali.

Ninaowahofia zaidi ni wale wanaoishi pamoja bila cheti wala mahari, na Eastlands ni wengi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kuchukuliwa kuwa mmeoana kwa sababu tu mmekaa pamoja ni jambo la nadra, si kawaida. Mwanamke aliyekaa na mtu miaka 15 anaweza kujikuta akitafuta mashahidi wa maisha yake mwenyewe, huku mashemeji wakibeba viti. Karatasi moja yenye jina lake ingemwondolea mzigo huo.

Wosia haukupi ruhusa ya kumtupa mtu. Mke au mtoto uliyemnyima anaweza kwenda kortini kudai matunzo. Na ukioa au kuolewa baada ya kuuandika, ule wa zamani unafutika, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Fomu ya Sacco ya kutaja mrithi pia iangalie: wengi bado wameandika jina la mama aliyekwisha kufariki.

Kwa mama anayelea peke yake, nakuomba usiishie kwenye ploti. Andika ni nani atakayemlea mwanao, ukiwa umemuuliza kwanza na amekubali. Mteue msimamizi wa mali, na umwambie karatasi iko wapi. Fanya hivyo wiki hii, ukiwa mzima.