Damu Unayo, Mishipa Ndiyo Imejibana

Kila Juni, baridi ya Njombe na Makete ikianza kuuma, swali huwa lile lile: "Daktari, vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe. Ninywe nini niongeze damu?" Wengine hata hawaulizi, wanakuja wameshamaliza chupa kadhaa za rozela na vidonge vya kuongeza damu walivyojinunulia dukani.

Tuelewane. Upungufu wa damu hauji na kuondoka ndani ya robo saa. Mwenye nao hupauka kiganja kizima, ulimi na ndani ya kope, asubuhi hadi jioni, liwake jua lisiwake. Haukamati vidole vitatu ukakiacha kidole gumba. Sasa tazama kidole chako wakati wa baridi: weupe unakoma ghafla kwenye pingili, na chini ya hapo nyama ni nzima. Kama ngozi ni nyeusi sana, angalia kucha na upande wa kiganja. Baadaye kidole kinakuwa cha bluu, kisha chekundu, kinachomachoma. Kama damu ni chache, hiyo inayorudi kwa kishindo imetoka wapi?

Damu ipo. Ateri ndogo za vidole ndizo zinazojibana kupita kiasi zikiguswa na baridi, au mwenyewe akishikwa na wasiwasi. Daktari Mfaransa, Maurice Raynaud, aliieleza hali hii mwaka 1862. Vidonge vya madini ya chuma havifungui mshipa uliojibana, vitakufungia choo.

Ulizeni kwa nini mishipa inajibana. Kwa wengi hakuna ugonjwa mwingine: ni wanawake zaidi, huanza kati ya miaka 15 na 30, na mara nyingi mama au dada anayo. Kwa wengine chanzo kipo: magonjwa kama lupasi na skleroderma, sigara, dawa kama propranolol, au miaka ya kushika msumeno wa mnyororo unaotetema, kama kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill.

La kufanya: vaa glavu kabla ya kutoka, na sweta pia, maana kifua kikipoa vidole hufuata. Acha sigara. Kupasha vidole joto, tumia maji ya vuguvugu, si ya moto wala jiko la mkaa. Kidole chenye ganzi huungua bila wewe kujua. Propranolol usiiache bila daktari. Hali ikizidi, ipo dawa ya nifedipine, kwa cheti cha daktari. Vidole vikitoka vidonda, ngozi ikikaza, mkono mmoja tu ukisumbua, au hali ikianza baada ya miaka 30, nenda hospitali wiki hii hii.