Upepo Chini ya Boneti

Dereva wa safari akikataa kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, usimwite mkaidi. Anajua fika kwamba tairi lililolegea hupita pale ambapo tairi gumu huchimba shimo. Hesabu yake iko mbele zaidi: akishautoa upepo huo Ndutu au kando ya Ziwa Natron, nani atamrudishia? Fundi pancha yuko Karatu au Mto wa Mbu, na kumfikia ni saa kadhaa za mawe na vumbi, mwendo ambao tairi lisilo na upepo haliumalizi salama. Basi anakanyaga mafuta, gari linazama hadi ekseli, wageni wanashuka na kamera zao, na gari la kampuni nyingine linaitwa kwa redio lije kuvuta.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Arusha, maeneo ya Unga Limited. Mengi ya magari yanayonijia ni Land Cruiser za utalii, zile zilizorefushwa chesisi na kuwekewa paa la kunyanyuka, nyingi zikiwa na injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo na isiyo na makuu. Aprili na Mei, mvua zinaposhika na wageni wakipungua, magari hushushwa gereji kufanyiwa yote yaliyoahirishwa msimu mzima. Ombi nililolizoea miezi hiyo ni hili: "Dada fundi, nifungie kompresa ndani ya boneti."

Mwenye gari huja na boksi mkononi, akidhani kilichobaki ni bolti nne na waya mbili. Mimi humjibu kwamba kununua ndiyo sehemu rahisi. Kompresa nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa hazikuuawa na kazi. Ziliuawa na mahali zilipofungwa.

Lita mia nne za hewa

Tuanze na kazi yenyewe. Gari lililojaa wageni hutembea kwenye lami na PSI 40 hivi, matairi ya nyuma yakizidi kidogo. Likiingia barabara ya changarawe yenye makunyanzi, ukipunguza robo ya upepo gari hutulia, na bolti, springi na viuno vya abiria hupumzika. Kwenye mchanga mwingi dereva hushuka hadi PSI 20, hata 18. Hapo tairi halitanuki sana kwa upana, ila linarefuka pale linapokanyaga ardhi, na uzito wa gari unasambaa badala ya kuzama.

Sasa rudisha huo upepo. Tairi la 235/85R16 lina nafasi ya lita 70 hivi ndani yake. Kulitoa PSI 18 na kulifikisha 40 kunataka kuingiza takriban lita 100 za hewa ya kawaida. Matairi manne ni lita 400 na ushee. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, inayosukuma lita 20 kwa dakika, itahitaji dakika 20 za kuunguruma mfululizo, na nyingi kati ya hizo hupata moto na kuzima kabla hazijafika tairi la tatu. Kompresa ya kufunga kwenye gari, ya pistoni moja, husukuma karibu lita 60 kwa dakika, nayo humaliza kwa dakika saba hivi. Zile za pistoni mbili, kama zinazotengenezwa na ARB, kampuni ya Australia iliyoanza mwaka 1975, hupunguza muda huo kwa nusu, ingawa nazo hula umeme mara mbili.

Huku kwetu kuna jambo ambalo karatasi ya dukani haisemi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya pale ina uzito wa robo tatu tu ya ile ya pwani. Kila pistoni inapovuta, inavuta kidogo, kwa hiyo kazi ya dakika sita Dar es Salaam inaweza kuwa ya dakika nane ukingoni. Anayechagua kompresa ndogo kabisa ili aokoe fedha ajue kwamba milima itamkata tena.

Umeme au mkanda wa injini

Wako wanaoniuliza kuhusu kompresa ya kuendeshwa na mkanda wa injini, yaani kuigeuza ile ya kiyoyozi ivute hewa. Inafanya kazi, na ikifanya kazi hakuna ya umeme inayoishinda kwa kasi. Lakini kompresa nyingi za kiyoyozi hupata mafuta yake ya kulainisha kutoka kwenye gesi inayozunguka ndani ya mfumo. Ukiondoa gesi na kuingiza hewa kavu, mafuta hayarudi, nayo hujisaga yenyewe hadi kufa. Za zamani za York zina bakuli lake la mafuta, kwa hiyo huvumilia, ila hutema mafuta kidogo kwenye hewa na zinahitaji kichujio cha kuyanasa kabla hayajafika kwenye mpira. Kwa gari la biashara ambalo linatakiwa barabarani keshokutwa, nashauri ya umeme: haihitaji mafuta, haigusi mkanda wa feni, na ikiharibika injini inaendelea na safari.

Mahali kwanza

Chini ya boneti kuna maadui watatu: joto, maji pamoja na vumbi, na mtikisiko. Kabla sijashika drili, namwomba dereva azungushe gari kwa nusu saa, arudi, afungue boneti, kisha napitisha kiganja juu ya kila pembe. Upande wa manifoldi ya ekzosi naufuta mara moja. Kompresa yenyewe huzalisha joto kali ikifanya kazi, na zilizo nzuri zina swichi ndani yake inayozima mota ikizidi kiwango. Ukiifunga penye moto tayari, swichi hiyo itakuzimia kazi katikati ya tairi la pili, nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Land Cruiser zenye betri moja mara nyingi huwa na nafasi ya betri ya pili, na hapo ndipo ninapopapenda: ni juu, ni mbali na ekzosi, na ni karibu na umeme. Gari lenye betri mbili hunilazimu kutafuta ukuta unaotenganisha injini na abiria, au juu ya mbavu ya ndani ya bodi. Popote niendapo, sizibi njia ya dipstiki, kibakuli cha mafuta ya breki wala kifuniko cha kichujio cha hewa. Fundi atakayekuja baada yangu asinilaani.

Maji ndiyo sababu sikubali kufunga kompresa chini, hata pawe na nafasi ya kuvutia. Gari likivuka korongo lililojaa, maji hupanda hadi usawa wa feni, na feni huyarusha pande zote. Kichujio kidogo cha kompresa kikivuta hata funda moja, pistoni na ringi zake haziponi. Nyingi huruhusu kichujio kihamishwe kwa mpira mwembamba; mimi hukipandisha karibu na bawaba za boneti, mdomo ukitazama chini. Vumbi la Ngorongoro kwenda Naabi ni laini kama poda, kwa hiyo kichujio hicho husafishwa kila gari linaporudi kutoka safari.

Mtikisiko ndio unaowashangaza wengi. Wanaona kompresa ya kilo chache, wanaifunga kwa skrubu kwenye bati tupu la ndani ya bodi. Makunyanzi ya barabara hayana huruma na bati: linapasuka kwa nyufa kuzunguka matundu, mwishowe kompresa inaning'inia kwenye waya zake. Mimi hukata kipande cha chuma cha milimita 3 au 4, nakikunja na kukipaka rangi, nakifunga kwenye matundu ya kiwandani panapowezekana. Pasipowezekana, natoboa na kuweka bamba la pili upande wa nyuma ili bati libanwe katikati ya vyuma viwili. Nati ni zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegea.

Kisha linakuja donge la unga wa chapati. Naliweka juu ya kompresa, nafunga boneti taratibu, nafungua. Unene uliobaki ndio nafasi niliyonayo. Ukiwa mwembamba kuliko kidole, nashusha kitako, kwa sababu boneti hucheza gari linapoyumba, na injini nayo hujinyanyua upande mmoja inapowashwa.

Waya mnene, fyuzi karibu

Huku ndiko kwenye fani yangu, na huku ndiko ninakokuta aibu. Kompresa ya pistoni moja hula ampea 20 hadi 25 ikisukuma, na ya pistoni mbili hufika 50. Chukua ampea 25 na waya wa milimita za mraba 2.5, mita mbili kwenda na mbili kurudi: unapoteza volti 0.7 njiani, na volti hizo hugeuka joto ndani ya waya. Kwa waya wa milimita za mraba 10, hasara haifiki volti 0.2. Tofauti ya bei ya waya hizo mbili ni ndogo kuliko bei ya kuvutwa na gari lingine mara moja.

Waya mkubwa hutoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi hukaa karibu kabisa na kichwa cha betri, si kule kwenye kompresa. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Ukiiweka mwisho, waya wote ulioachwa nyuma yake ukisuguka na kugusa bodi utawaka bila wa kuuzima. Swichi ya ndani haibebi mzigo huo. Inaamsha rilei tu, na rilei ndiyo inayopitisha umeme mkubwa. Umeme wa swichi nauchukua mahali panapopata umeme ufunguo ukiwa umewashwa pekee, ili mtoto wa mwenye gari asiiwashe kompresa usiku na kuimaliza betri. Kabla ya yote hayo natoa kichwa cha hasi cha betri, na ndicho ninachorudisha mwisho.

Njia ya upepo

Hewa ikibanwa hupata moto. Inapotoka kwenye kichwa cha pistoni inaweza kuzidi joto la maji yanayochemka, kwa hiyo mpira wa kwanza lazima uwe ule uliosukiwa nyuzi za chuma. Ukiunganisha pale bomba la plastiki, litalainika, litavimba, litapasuka. Baada ya hapo inafuata valvu ya kuzuia upepo usirudi, swichi ya shinikizo inayozima mota mfumo ukijaa, na valvu ya usalama iwapo swichi itagoma. Mdomo wa kuchomeka mpira naufunga ndani ya boneti au nyuma ya bampa, na kifuniko chake nakifunga kwa mnyororo. Mpira wa kujazia uwe mrefu wa kufika tairi la nyuma, na kwa chesisi iliyorefushwa maana yake ni kuongeza mita moja juu ya ule uliokuja ndani ya boksi.

Ukiwa porini

Jaza injini ikiwa inaunguruma, boneti ikiwa wazi ili joto litoke. Matairi yenye tyubu usiyashushe sana: tairi lililolegea huteleza kwenye rimu, tyubu ikajizungusha na kung'oa valvu yake. Ukishashusha upepo, punguza mwendo na usikate kona ghafla. Ukijaza ukingoni mwa kreta kisha ukateremka hadi Mto wa Mbu, pima tena matairi yakipoa, kwa maana hewa ya bondeni ni nzito na geji itasoma pungufu kwa PSI mbili hivi.

Na kabla hujamlipa fundi, mpe mtihani mmoja mbele ya macho yako. Shusha tairi moja hadi PSI 20, washa injini, lijaze hadi 40, kisha mwombe ashike waya mkubwa kwa mkono mtupu na akuonyeshe fyuzi ilipo. Waya ukiwa wa moto, au fyuzi ikiwa haipo karibu na betri, mrudishie kazi yake. Kompresa iliyofungwa vizuri haina la kuficha chini ya boneti.