Klachi au Otomatiki? Kweli na Uongo kutoka Arua hadi Koboko

Ukitaja gari la spoti Arua, mji wa eneo la West Nile nchini Uganda, hakuna anayewaza Ferrari. Watu huwaza Subaru Impreza yenye mdomo wa hewa juu ya boneti, Forester ya taabo, Toyota Altezza, au Mark X iliyoshushwa chini hadi kila tuta la barabarani ni adui. Lami inayotoka Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi mpakani Oraba, imewapa wapenzi wa mwendo mahali pa kupanga gia moja baada ya nyingine, na imewapa pia mada ya kubishania. Wa klachi hujiita madereva. Wa otomatiki wanaambiwa ni abiria walioshikishwa usukani.

Mimi ni wa klachi na sina mpango wa kuhama. Ila upande wetu umejaza hoja ambazo haziwezi kusimama mbele ya fundi mwenye akili timamu. Nitaanza na ile inayotoka kwanza kila mara.

“Otomatiki haiwezi kuishinda klachi kwa mbio.” Ilikuwa kweli. Sasa ni uongo.

Wanaosema hivi hawakuota. Walijifunza kwenye Subaru na Toyota za miaka ya 1990, ambazo otomatiki yake ilikuwa na gia nne tu, wakati ndugu yake wa klachi alikuwa na tano. Injini ya taabo inapenda kubaki kwenye mizunguko ambayo taabo inapuliza vizuri. Ukiwa na gia nne, kila ukibadilisha mizunguko inaporomoka mbali, na unasubiri. Isitoshe, kati ya injini na giaboksi kulikuwa na mapangaboi mawili yanayosukumana kwa oili tu, na sehemu ya nguvu ilipotelea humo kama joto. Ukishindana na gari la namna hiyo kutoka Arua mjini, ushindi wako ni halali.

Sasa tazama Toyota GR Supra. Ilipotoka 2019 iliuzwa na otomatiki ya gia nane peke yake. Wapenzi wakapiga kelele, na mwaka 2022 Toyota ikaongeza giaboksi ya klachi yenye gia sita kwa ile ya lita 3.0. Kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, ya otomatiki inatumia sekunde 4.3. Ya klachi inatumia 4.6. Injini ni ileile. Porsche 911 Carrera ya 2012 ilionyesha jambo hilohilo: sekunde 4.8 kwa klachi, 4.6 kwa giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe, ambayo huwa imeshaandaa gia inayofuata kabla hujaihitaji.

Mwaka 2013 Porsche hata ilitoa 911 GT3 bila klachi kabisa. Wateja, watu wenye pesa za kununua chochote, walilalamika mpaka klachi ikarudishwa kwenye GT3 mwaka 2017. Hawakudai kasi, maana kasi walikuwa nayo tayari. Walidai kazi ya mguu wa kushoto na kiganja kwenye kichwa cha gia. Hiyo ndiyo hoja yetu, na inatosha. Kuiongezea uongo wa sekunde ni kuidhalilisha.

“Kwenye rali hakuna otomatiki.” Uongo, na historia yake inatuhusu.

Hili husemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. Basi tufungue mwaka 1979. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na utawala wa Idi Amin, ambaye kwa upande wa baba kwao ni Koboko, ukaanguka nao. Siku chache baadaye, Pasaka ileile, magari yalikuwa yanakimbia Safari Rally nchini Kenya. Aliyeshinda ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alihamia Kenya mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa na Amin huyohuyo. Mehta alikuwa ameshashinda 1973 kwa Datsun 240Z, na baada ya 1979 alishinda tena 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla. Wanariadha wengi wamehama nchi, lakini wachache wamejibu kwa namna hiyo.

Aliyeshika nafasi ya pili Pasaka ile ni Hannu Mikkola wa Ufini, ndani ya Mercedes-Benz 450 SLC 5.0. Gari hilo, lenye umbo la kumpeleka tajiri hotelini, lilikuwa na otomatiki ya gia tatu. Tatu! Desemba ya mwaka uleule, kwenye Rali ya Bandama nchini Côte d'Ivoire, iliyokuwa sehemu ya mashindano ya dunia, Mercedes hizo zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mikkola alishinda, na wa nne alikuwa Mkenya, Vic Preston Mdogo.

Iliwezekanaje? Yale mapangaboi yanayosukumana kwa oili, ambayo nimeyalaumu hapo juu, yana sifa nyingine. Gari likiruka na kutua kwenye murram huku dereva amekanyaga mafuta, mshtuko unaorudi kutoka kwenye magurudumu unafyonzwa na oili badala ya kwenda moja kwa moja kuvunja meno ya gia au shafti. Na gari linapoanza kuondoka, mapangaboi hayo huongeza nguvu ya kuzungusha inayofika kwenye magurudumu. Kwa injini kubwa ya V8 na njia ya maelfu ya kilomita, gia tatu zisizovunjika ni afadhali kuliko tano unazoziokota barabarani.

Lakini wapenzi wa klachi wasikate tamaa, kwa sababu Mercedes iliacha mradi huo mapema na otomatiki haikuota mizizi kwenye rali. Magari ya leo ya ngazi ya juu, yale yanayokwenda Naivasha kwenye Safari, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, yana gia tano zinazofuatana kwa mstari: unavuta mkono kupanda, unausukuma kushuka, na klachi inahitajika hasa pale gari linapoanza kuondoka. Kwa maana hiyo hata bingwa wa dunia habadilishi gia kama dereva wa Altezza pale Arua.

Na Amin mwenyewe? Alipenda Citroën SM, gari la Kifaransa lenye injini ya V6 ya Maserati. Kiwanda kiliitoa kwa namna mbili, gia tano za mkono au tatu za otomatiki, kwa hiyo hata yeye haachi mabishano haya yaishe.

“STI ya kweli ni ya klachi tu.” Uongo mdogo.

STI nyingi ni za klachi, hilo halina ubishi. Lakini mwaka 2009 Subaru iliuza Japani Impreza WRX STI A-Line, yenye injini ya taabo ya lita 2.5 na otomatiki ya gia tano. Ukiona beji ya STI na pedali mbili, usimwite mwenye gari mwongo kabla hujaangalia karatasi zake. Mwite tu mtu wa ladha tofauti.

“Otomatiki ni ya wanawake.”

Bingwa wa taifa wa rali wa Uganda mwaka 2011 alikuwa Susan Muwonge. Tuendelee.

“Otomatiki ikiisha betri, haisukumiki.” Kweli.

Hapa klachi inashinda bila mpinzani, na katika nchi ambayo betri huuzwa ghali na mvua hukukuta mahali popote, si ushindi mdogo. Gari la klachi ni fito za chuma zinazoweza kuunganishwa na mguu wako: tia gia ya pili, vijana wasukume, achia klachi, magurudumu yanaizungusha injini na injini inawaka. Kwenye otomatiki, gia hushikwa kwa shinikizo la oili, na pampu ya oili hiyo huzungushwa na injini. Injini imezima, pampu imesimama, oili haina shinikizo, gia haishiki. Vijana watasukuma hadi Maracha na hakuna kitakachowaka.

Ubaya wa kweli unakuja pale mtu anapoivuta otomatiki kwa kamba, magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kutoka Koboko hadi gereji Arua. Zaidi ya kilomita hamsini, gia zinazunguka ndani ya boksi ambalo pampu yake haipeleki oili mahali panapohitajika. Gari lililoharibika waya tu linafika likiwa na giaboksi iliyoungua. Kama huna lori la kulibeba, nyanyua magurudumu yanayoendesha. Likiwa ni Subaru, yote manne yanaendesha. Hapo lori ni lazima.

“Kwenye mteremko tia nyutro, unaokoa mafuta.” Uongo, na wa hatari.

Huu unaunganisha pande zote mbili, maana wa klachi na wa otomatiki wanaufanya sawasawa, hasa ule mteremko wa kutoka Nebbi kwenda Pakwach, kabla ya daraja la Nile. Uongo huu ulitoka enzi za kabureta, na enzi zile ulikuwa na mantiki. Injini ya sindano za mafuta inayodhibitiwa na kompyuta hufanya kinyume: ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye eksele, kompyuta inafunga mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu yenyewe yanaizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inabaki peke yake na inabidi inywe mafuta ili isizime. Umejinyima breki ya injini, umeziachia breki za magurudumu mzigo wote hadi zichemke, na bado umelipia mafuta zaidi.

Wa otomatiki wana njia yao: vuta mkono hadi 2 au L, na gari litajizuia. Herufi hizo hazikuwekwa kwa mapambo.

“Gari la usukani wa kushoto lina pedali zilizogeuzwa.” Uongo.

Huu ni wa Koboko hasa, mji ulio karibu na Kongo na Sudan Kusini. Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Ukivuka Oraba kuingia Kaya ya Sudan Kusini, au Vurra kuingia Kongo, unahamia kulia. Ukiwa na gari lako la kawaida hakuna kinachobadilika kwenye gia, mkono wa kushoto unaendelea na kazi yake. Tatizo lako ni kuona mbele unapotaka kupita lori. Ukipewa gari la usukani wa kushoto, mkono wa kulia ndio unashika gia. Pedali zinabaki palepale: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Hata ramani ya gia haigeuki, namba moja iko juu upande wa kushoto. Tofauti ni kwamba kwenye gari letu namba moja iko mbali nawe, na kwenye lile iko karibu na goti lako. Kwa saa ya kwanza utakuwa unatafuta gia ya tatu na kupata ya kwanza, na giaboksi itakutukana.

“Oili ya otomatiki haibadilishwi.” Uongo unaolisha mafundi.

Oili hiyo hupoza, hulainisha na hushika gia kwa pamoja. Ikizeeka na kuungua, rangi inakuwa nyeusi, harufu inabadilika na gia zinaanza kuteleza. Kosa baya zaidi ni la wenye otomatiki ya mkanda wa chuma, ile isiyo na gia za hatua, iliyomo kwenye Toyota na Nissan nyingi ndogo za Japani. Ina oili yake ya peke yake. Ukiimwagia ya otomatiki ya kawaida kwa kudhani zote ni sawa, mkanda unaanza kuteleza na kusaga puli zake, kisha utasikia mtu pale gereji akisema otomatiki hazifai West Nile.

“Gari za klachi zinaisha.” Nusu kweli.

Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, ilianzisha leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991, na watu wengi wa huko hawajawahi kukanyaga klachi. Uganda nayo mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kwa hiyo Impreza STI ya umbo lile la 2000 hadi 2007, iliyotoka kwa klachi tu, haiwezi tena kuingizwa. Hata hivyo, viwanda bado vinaunda magari ya klachi. Toyota inaiweka kwenye GR Yaris, ingawa tangu 2024 hata hiyo inapatikana kwa otomatiki ya gia nane.

Anayetaka STI ya zamani basi atafute miongoni mwa zilizoingia kabla mlango haujafungwa, na kabla hajahesabu pesa aijaribu barabara ya Vurra ambako pamenyooka. Aweke gia ya nne akiwa na mwendo mdogo, akanyage mafuta hadi chini. Mizunguko ikipanda mbio na gari likabaki palepale, klachi imekwisha, na muuzaji anaijua hali hiyo kuliko anavyosema.