Mchanga Uliobeba Mji

Kola ni soko dogo kusini mwa mji wa Machakos, kwenye barabara iendayo Wote. Anayetaka kuelewa uchumi wa Machakos kama makao makuu ya kaunti anaweza kuanzia hapa, kwa kuwa mji haulishwi na mitaa yake yenyewe.

Tuutazame mji kwanza. Kampuni ya Imperial British East Africa iliweka kituo Machakos mwaka 1889, na jina likatokana na Masaku, mkuu wa Wakamba wa eneo hilo. Kwa miaka michache Waingereza waliutawala upande wa bara kutoka hapo, John Ainsworth akiwa msimamizi tangu 1892. Kisha reli ikapita mbali. Ilifika Nairobi mwaka 1899, utawala ukaifuata, na Machakos ikabaki mji wa wilaya.

Kisa hicho kinatuonyesha tabia ya makao makuu. Ni mji unaoishi kwa fedha zinazotoka kwingine: watumishi hulipwa na hazina, kisha hupanga nyumba na kununua chakula, wananchi huja kufuata kesi au cheti, nao huacha nauli na bei ya chai. Ofisi zikihama, fedha huhama nazo.

Ugatuzi ulirudisha mkondo huo kwa nguvu. Katiba ya 2010 inataka kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Makueni, iliyokatwa kutoka Machakos mwaka 1992, ikawa kaunti yenye makao yake Wote. Kola ikajikuta kati ya miji miwili inayopokea mgao. Mgao ukichelewa, wakandarasi hukaa bila malipo na wenye maduka huuza kwa mkopo. Ukifika, sehemu yake hugeuka majengo. Na majengo hutaka mchanga, ambao malori huuzoa kutoka mito ya msimu ya Ukambani. Nairobi nayo huutaka, na kwa wingi zaidi.

Sasa tuugeukie mto, tukianzia na udongo wa nchi unakopita. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Dawa yao ilikuwa kupunguza mifugo kwa lazima, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza Wakamba hadi Nairobi kulipinga jambo hilo. Waliookoa udongo hatimaye walikuwa wakulima wenyewe, wakichimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, katika mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa 1994, ulionyesha kwamba kati ya 1932 na 1990 watu wa wilaya waliongezeka zaidi ya mara tano, huku mmomonyoko ukipungua.

Kola ina fungu lake katika kazi hiyo. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, kilichokuja kujulikana kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga na tope. Mchanga, ulio mzito, hutuama nyuma ya ukuta, na tope hupita juu. Maji hujaa katika nafasi kati ya chembe, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Mito ikikauka, watu huyachota kwa kisima au pampu, wakanywesha mifugo na kumwagilia sukuma wiki.

Mchanga mmoja, basi, una matumizi mawili, na bei ya lori huhesabu moja tu. Hulipia vibarua, mafuta, ushuru na faida. Hailipii maji ambayo mchanga ungeyashika mvua ijayo, na ijayo, wala saa za mama atakayetembea mbali zaidi na mtungi. Mchimbaji naye si adui. Mara nyingi ni kijana wa kijiji hicho hicho asiye na ujira mwingine.

Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Naiona njia hiyo kuwa sahihi, kwa sharti moja: kibali kitolewe baada ya kupima kina cha mchanga na kiasi cha maji, na wanaochota maji hapo wawepo wakati wa kupima. Ushuru unaoishia ofisini huongeza tu mkondo ule ule wa mishahara. Sehemu yake irudi mtoni, ikajenge kuta.