Buli Jeupe Mbele ya Kamera

Mwaka 1975 Martin Newell, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kawaida cha kuchora ndani ya kompyuta. Akachukua buli la chai la nyumbani kwake, jeupe, la kampuni ya Melitta, akalichora kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, kisha akaingiza vipimo vyake. Umbo hilo limetumiwa kujaribia programu za michoro duniani kote. Leo mtu angedhani simu na picha mia moja zingetosha kwa kazi hiyo. Wapi!

Fotogrametria, yaani kupima vitu kwa picha, huitaka programu itambue nukta ileile katika picha zilizopigwa kutoka pembe tofauti, ndipo ikokotoe kamera ilikuwa wapi na nukta iko umbali gani. Mbinu ya SIFT, aliyoitangaza David Lowe wa Kanada mwaka 1999, husaka mahali mwanga unapobadilika ghafla: ufa, doa, kona. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliolika kwa mvua umejaa alama hizo. Ubavu wa buli jeupe hauna kitu.

Mng'aro ndio huharibu zaidi. Taa ikimulika kauri, hutokea doa la mwanga, na programu hulidaka kama alama halisi, kumbe linahama kila kamera inapohama. Buli hutoka na mashimo ubavuni na matuta ambayo halikuwa nayo. Kuongeza picha ni kujichosha bure.

Wengi huanza kwa kutandika gazeti chini ya buli. Maandishi huipa programu pa kushika, hivyo kamera hujipanga vizuri, mradi gazeti na buli visiachane vinapozungushwa. Lakini mashimo ubavuni hubaki palepale.

Vichujio viwili vya polaraizesheni, yaani vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, kimoja kwenye taa na kingine kwenye lenzi kikiwa kimegeuzwa nyuzi 90 dhidi ya cha kwanza, huua mng'aro wa kauri. Alama haviongezi. Sufuria inayong'aa, ambayo mwanga wake karibu wote ni mng'aro, hutoka nyeusi tii.

Basi uso wenyewe upewe alama. Poda ya talki iliyorushwa kwa brashi hufaa, na madoa yake yawe ya ovyo. Miraba iliyopangwa sawasawa huipotosha programu kwa sababu kila mraba unafanana na mwenziwe. Ila poda huficha rangi, na chungu kisicho na glezi huinyonya. Kwa vitu vya makumbusho ni afadhali projekta itupie madoa ya mwanga kama hayo. Hapo buli halizungushwi tena, ila kamera ndiyo inayozunguka, maana buli likigeuka madoa yatateleza juu yake. Na katika kila kituo, kabla stendi ya kamera haijasogezwa, projekta huzimwa ipigwe picha ya pili, ya rangi.