Inua Jamii: Haki ya Mzee Isicheleweshwe

Shilingi 2,000 kwa mwezi si nyingi, lakini mkononi mwa mama mzee ni heshima. Ndiyo sababu tulishukuru mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa mwaka 2018 uwafikie wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni. Umefaa: mzee hujinunulia unga, sukari na dawa bila ya kuomba kwa jirani.

Hata hivyo, tukiupima kwa insafu, tunaona kasoro tatu. Fedha huchelewa, mzee akakopa dukani, na zikifika huishia katika deni. Kiwango ni kile kile, ilhali bei zimepanda. Na asiyekuwa na kitambulisho hasajiliwi, hata awe mhitaji kuliko wote mtaani.

Tunaiomba serikali iweke tarehe ya malipo na kuitimiza. Nasi majumbani tuwasaidie wazee wetu kufuatilia vitambulisho, tuwasindikize kupokea haki yao, wala tusiitie mkono. Posho ya serikali haimwondolei mtoto wajibu wa kumtunza mzazi wake.